Maziwa, kirusi cha ng'ombe na saratani ya matiti: Lindi isingoje jibu la maabara

Nangurukuru ni njia panda. Barabara kuu inaendelea kusini kwenda Lindi na Mtwara, na nyingine inashuka baharini kwenda Kilwa Masoko. Katika vituo vya barabara hiyo maziwa mabichi hufika asubuhi kwenye madumu ya plastiki yaliyofungwa nyuma ya pikipiki, yakapimwa kwa kikombe na kumiminwa kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika. Kufikia saa nne dumu limekauka. Mtoto wa shule ameshakunywa chai ya maziwa, na mama wa kifugaji amepata hela ya unga.

Kizazi kimoja tu nyuma, biashara hiyo ilikuwa nadra katika pwani hii. Katika muda huohuo ambao ng'ombe wamekuwa wakiingia Kilwa, wanasayansi wa nchi za mbali wamekuwa wakiuliza swali zito: je, kirusi kinachoishi kwenye damu na maziwa ya ng'ombe kina mkono katika saratani ya matiti ya binadamu?

Swali hilo bado liko wazi. Lakini limeshaanza kuzunguka kwenye simu za watu, likiwa limepunguzwa hadi kubaki tishio: maziwa yanaleta saratani. Yafaa lielezwe lote, pamoja na pande zake mbili, kwa sababu mengi ambayo mkazi wa Lindi anapaswa kuyafanya leo hayategemei jibu lake.

Ng'ombe walivyofika

Ukanda wa Kilwa na Lindi ulijulikana kwa korosho, ufuta, minazi, mihogo na samaki. Ng'ombe walikuwa wachache mno, na sababu kubwa ilikuwa mbung'o. Vichaka na misitu ya mabonde ya Matandu, Mavuji na Mbwemkuru vilimpa makazi mdudu huyo anayeeneza nagana, na mfugo ulioingizwa humo haukudumu. Mwenyeji alipata kitoweo baharini, kwenye banda la kuku au kwa mbuzi wake. Chai ilikuwa ya rangi.

Mwaka 2006 serikali iliamua kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu, mkoani Mbeya, ili kuyanusuru maji ya Mto Ruaha Mkuu yanayolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wilaya za Mkoa wa Lindi, Kilwa ikiwamo, zilitajwa miongoni mwa zitakazowapokea. Wasukuma, Wabarbaig na Wamaasai wakashuka na makundi yao, na wengine wakafuata wenyewe miaka iliyofuata wakitafuta malisho. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, lilikuwa limeshaifungua njia ya kusini.

Ugomvi ulikuja pamoja nao. Ng'ombe waliingia kwenye ufuta, wakulima wakapandwa na hasira, na vikao vya kijiji vikageuka mabaraza ya usuluhishi. Lakini maziwa nayo yalikuja, na nyama, na wanyama wa kulimia. Leo mkulima na mfugaji wa Kilwa wanagombana asubuhi na kuuziana jioni.

Kirusi chenyewe

Kirusi kinachozungumzwa ni cha lukemia ya ng'ombe, ambacho wataalamu hukiita kwa kifupi BLV. Kiligunduliwa mwaka 1969 na Janice Miller na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Ni ndugu wa karibu wa HTLV-1, kirusi cha binadamu ambacho huleta aina moja ya saratani ya damu na ambacho mama anaweza kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha. Undugu huo ni sababu mojawapo ya watafiti kutokiacha kirusi cha ng'ombe kipite hivihivi.

Ndani ya ng'ombe, kirusi hiki hujificha kwenye chembe nyeupe za damu. Mnyama anakula, anazaa na anakamuliwa kama kawaida. Kiasi cha theluthi moja ya walioambukizwa huongezeka chembe nyeupe bila kuonyesha ugonjwa, na chini ya watano katika kila mia ndio wanaoota uvimbe wa saratani. Ndiyo maana mfugaji anaweza kuishi nacho zizini miaka na miaka bila kukitambua.

Kinahama kwa damu. Sindano moja ikichanja zizi zima bila kubadilishwa, kirusi kinatembea nayo kutoka ng'ombe wa kwanza hadi wa mwisho. Kisu cha kukatia pembe na kifaa cha kutobolea masikio hufanya vivyo hivyo visipooshwa kwa dawa. Pange, yule nzi mkubwa anayeuma hadi damu ikachuruzika, naye hubeba. Ndama anaweza kukipata kwa mama yake, tumboni au kwa kunyonya.

Nchi kadhaa za Ulaya, Uingereza ikiwa mojawapo, zilikitokomeza kwa kupima mifugo na kuwaondoa walioambukizwa. Marekani haikufanya hivyo, na uchunguzi wa mwaka 2007 ulikikuta katika zaidi ya asilimia 80 ya mashamba yake ya ng'ombe wa maziwa. Kwetu, ushahidi wa vipimo vya damu kuwa ng'ombe wa Tanzania nao wanacho ulichapishwa mwaka 1997. Jambo hili basi linatuhusu.

Walichokiona Berkeley

Katika miaka ya 1970 watafiti walitafuta dalili za kirusi hiki kwenye damu ya watu wanaoishi karibu na ng'ombe, wasizione. Ikakubalika kuwa binadamu hakimpati. Vipimo vya wakati ule havikuwa makini kama vya sasa, na Gertrude Buehring wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliamua kulifungua faili upya.

Mwaka 2003 timu yake ilitangaza kuwa karibu robo tatu ya watu 257 waliopimwa walikuwa na kingamwili zinazokitambua kirusi hicho. Hilo peke yake halikutosha, kwani mwili unaweza kutengeneza kingamwili hata kwa kirusi kilichokufa kwenye maziwa yaliyochemshwa. Ndipo wakaenda kwenye tishu. Mwaka 2014 waliripoti kuviona vinasaba vya kirusi ndani ya tishu za matiti ya wanawake.

Utafiti uliovuta macho ya dunia ulitoka mwaka 2015. Wanawake 239 walihusika. Kati ya waliokuwa na saratani ya matiti, asilimia 59 walikutwa na vinasaba hivyo. Kati ya wasiowahi kuwa nayo, asilimia 29. Kwa hesabu za kitakwimu, uwezekano wa kukutwa navyo ulikuwa kama mara tatu kwa wenye saratani. Australia, mwaka 2017, asilimia zilikuwa 80 kwa 41. Texas, mwaka uliofuata, matokeo yalielekea upande huohuo.

Jambo kama hilo lilikwisha kuonekana kwa panya. Mwaka 1936 John Bittner, katika maabara ya Jackson kule Marekani, alionyesha kuwa saratani ya matiti ya panya hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kupitia maziwa. Baadaye ilijulikana kuwa ndani ya maziwa hayo mlikuwa na kirusi. Hata Harald zur Hausen, Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonyesha kuwa kirusi cha HPV huleta saratani ya mlango wa kizazi, alitumia miaka yake ya mwisho akitafuta chembechembe nyingine katika nyama na maziwa ya ng'ombe ambazo aliamini zinahusika na saratani ya utumbo mpana na ya matiti.

Upande wa pili wa mizani

Sasa tusikilize wanaopinga, nao wana hoja nzito. Mwaka 2016 watafiti wa China walipima wagonjwa 91 wa saratani ya matiti wasikione kirusi hata kwa mmoja. Mwaka huohuo, Nicolas Gillet na Luc Willems wa Ubelgiji walipekua vinasaba vyote vya uvimbe wa saratani ya matiti kutoka kwa wagonjwa 51. Hawakukuta hata alama yake.

Kisha yapo maswali ya ndani. Maabara nyingi hutumia majimaji ya damu ya ndama kukuzia chembe hai, na kipimo kinachotafuta vinasaba kwa umakini mkubwa kinaweza kunasa uchafu mdogo uliotoka huko badala ya kilichomo mwilini mwa mgonjwa. Pia, kukikuta kirusi mahali penye saratani hakuthibitishi kuwa ndicho kilichoileta. Huenda kimeingia baadaye, kikapata makao kwenye tishu iliyokwisha kuharibika. Ili kukata shauri inabidi kuonyesha kuwa kirusi kilitangulia na saratani ikafuata, na kuonyesha njia kinayopita kutoka kwa ng'ombe hadi kwenye titi la mwanamke.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limekwisha kuviweka virusi kadhaa katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Kirusi cha lukemia ya ng'ombe hakimo. Aliyekuambia kuwa jambo hili limethibitishwa amekupotosha. Na aliyekuambia kuwa ni upuuzi mtupu, naye pia.

Burkitt alianza kwa kuuliza

Afrika Mashariki ina haki ya kulichukulia swali la namna hii kwa uzito, kwa sababu hapa ndipo dunia ilipojifunza kuwa kirusi kinaweza kuleta saratani kwa binadamu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa taya usiofanana na mwingine, akaandika habari zao mwaka 1958. Hakuwa na maabara kubwa. Alituma barua za maswali kwa hospitali za bara zima, na mwaka 1961 akapanda gari na wenzake wawili, wakashuka kupitia Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani ameuona ugonjwa huu na nani hajauona. Ramani aliyoichora ilionyesha kuwa ugonjwa unafuata joto na mvua. Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake huko London wakakiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda.

Somo la Burkitt ni kwamba mahali penyewe, ukipatazama vizuri, panatoa ushahidi. Na Lindi ni mahali pa namna yake. Katika nchi ambako jamii nyingi zimeishi na ng'ombe tangu enzi na enzi, pwani hii ina mabibi wenye umri wa miaka 60 na zaidi waliokaa sehemu kubwa ya maisha yao bila kugusa maziwa ya ng'ombe. Jirani yao leo ni mama wa kifugaji aliyekunywa maziwa tangu alipoachishwa ziwa. Wote wawili wanaishi wilaya moja, na wakiugua wanapelekwa hospitali ileile.

Kulinganisha makundi hayo kunahitaji uangalifu, kwani yanatofautiana pia kwa chakula, idadi ya watoto na mengine mengi. Lakini hatua ya kwanza si ghali: kupima damu ya ng'ombe wa Kilwa tujue kirusi kipo kwa kiasi gani. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Mtwara. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Muhimbili na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wana watu wenye ujuzi wa hatua zinazofuata. Si sawa kwamba swali linalohusu ng'ombe na wanawake lijibiwe California, Australia na China, na sisi wenye ng'ombe wengi kuliko nchi nyingi za Afrika tukae kusubiri tafsiri.

Sufuria haihitaji kungoja

Kuna mambo ambayo sayansi haiyabishanii kabisa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ugonjwa unaomfanya ng'ombe atupe mimba na unaomwachia mtu homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo, mara nyingi yakidhaniwa kuwa malaria. Yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Yanaweza kubeba vijidudu vya kuhara vinavyowaangusha watoto wadogo. Na tusisahau jinsi magonjwa ya wanyama yalivyokwisha kubisha hodi mkoani mwetu: Julai 2022, huko Ruangwa, homa ya ajabu ilizua hofu na kuua watu watatu kati ya 20 waliougua, kisha maabara ikabaini kuwa ni mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine.

Dawa ya maziwa ni moto. Viwandani hupashwa hadi nyuzi 63 kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, na joto hilo linaua brusela na kifua kikuu pamoja na kirusi cha lukemia ya ng'ombe. Nyumbani hatuna kipimajoto, lakini tuna jiko. Weka sufuria, koroga maziwa yasishike chini, na usidanganywe na povu la kwanza: likipanda, punguza moto, endelea kukoroga, acha yachemke kwelikweli dakika chache, kisha funika. Usiyarudishe kwenye dumu lilelile lililobeba maziwa mabichi kabla ya kulisafisha.

Anayependa mtindi achemshe kwanza, yapoe, ndipo agandishe. Uchachu peke yake si kinga ya kutegemewa. Muuza chai wa stendi na mama lishe nao wanahusika, maana maziwa yaliyopashwa moto haraka ili mteja asikose basi bado ni mabichi.

Zizini nako kuna kazi. Bwana mifugo anapochanja, kila ng'ombe apate sindano yake au sindano ichemshwe kabla ya kumgusa mwingine. Visu vya pembe vioshwe kwa dawa. Mfugaji anayelinda damu ya ng'ombe wake isichanganyike analinda pia mfuko wake, kwa sababu kirusi hiki hupunguza maziwa na kufupisha maisha ya mnyama.

Uvimbe usiouma

Wakati kirusi kikiendelea kujadiliwa, saratani yenyewe haijadiliwi: ipo. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa nayo. Nchini Tanzania saratani hii ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi. Na wengi wa wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wanafika ugonjwa ukiwa umeshapiga hatua ya tatu au ya nne, tiba ikiwa ngumu na ghali.

Kutoka Kilwa Masoko hadi Ocean Road ni kama kilomita 300. Kutoka Lindi mjini ni kama 450. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya kusini eneo la Somanga, safari hiyo haikuwezekana kwa siku kadhaa, hata kwa mgonjwa mwenye tarehe ya matibabu. Nauli, mahali pa kulala na mtu wa kubaki na watoto ni mambo yanayomfanya mwanamke aseme atakwenda baada ya mavuno. Kuna pia sababu nyingine, nzito kuliko nauli: uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi. Kisichouma huonekana hakina haraka, au hupelekwa kwa mganga kwa kudhaniwa kuwa ni jipu au mkono wa mtu.

Dalili zinafaa zijulikane kwa kila mwenye titi, wanaume wachache wanaougua nao wakiwamo: uvimbe mgumu ndani ya titi au kwapani; chuchu iliyokuwa nje ikaingia ndani; damu au majimaji yanayotoka kwenye chuchu bila kunyonyesha; ngozi iliyokunjamana ikafanana na ganda la chungwa; titi moja kubadilika umbo. Mwanamke ajipapase mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi, kwa ncha za vidole, titi lote hadi kwapani. Akikuta kitu kipya, aende zahanati wiki hiyohiyo, aombe rufaa kwenda hospitali ya Kinyonga kule Kilwa, ya Sokoine mjini Lindi au ya kanda Mtwara, na asiogope kutolewa kinyama kwa ajili ya kipimo. Kipimo hakisambazi ugonjwa, kinautaja jina.

Yapo pia yanayokinga. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 za nchi 30, ulionyesha kuwa kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza uwezekano wa saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, na kila uzazi kwa asilimia 7. Pombe na unene wa kupindukia huuongeza. Mama wa pwani anayenyonyesha mwanawe hadi mwaka wa pili anafanya jambo jema kwa miili yote miwili.

Pwani hii ina shule ambayo wizara haikuijenga. Wamwera, Wamachinga, Wamatumbi, Wamakonde na wenzao wana unyago, na unyagoni kuna kungwi na somo, wanawake ambao neno lao kuhusu mwili wa mwanamke halipingwi. Binti hufundishwa usafi, hedhi na heshima. Siku kungwi akiongeza fundisho la kujipapasa matiti, ujumbe utafika ndani kuliko bango lolote la zahanati, tena kwa lugha isiyo na aibu. Waganga wakuu wa wilaya wawaite makungwi wakae nao, wawape maarifa haya kwa heshima wanayostahili.

Mfugaji si adui

Nina hofu moja, nayo nataka niitamke. Katika wilaya ambazo mkulima na mfugaji wameshaumizana kwa sababu ya ufuta na malisho, habari nusunusu kuhusu kirusi cha ng'ombe inaweza kuwa fimbo nyingine ya kumpigia jirani. Mfugaji hakukitengeneza kirusi hiki, hakioni kwa macho, na ndiye wa kwanza kukumbana nacho maana maziwa hayo anayanywa yeye na watoto wake. Maziwa nayo ni chakula bora kwa mtoto anayekua, hasa kwenye kaya ambako samaki ameadimika. Kuyasusa ni hasara kwa wote. Kuyachemsha hakumgharimu mtu zaidi ya kuni chache.

Kwa hiyo halmashauri za Kilwa na Lindi zina kazi zinazojulikana: kupima mifugo, kutoa elimu ya maziwa kwa wauzaji na wanunuzi, na kuhakikisha zahanati ya kijiji inajua kumtambua mwenye uvimbe na kumpa rufaa bila kumzungusha. Waume wana ya kwao, ya kutoa nauli kabla ya mavuno. Watafiti wana ya kwao, ya kuja.

Siku swali la kirusi likijibiwa kwa ndiyo, familia inayochemsha maziwa itakuwa imekwisha kujikinga. Likijibiwa kwa hapana, itakuwa imejiepusha na brusela na kifua kikuu vilevile, na haitakuwa imepoteza kitu. Na mwanamke aliyeupeleka uvimbe wake zahanati ungali mdogo atakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwapo, hai, kulisikia jibu lenyewe.